Kinywaji cha soya kisiitwe maziwa: wana Kigoma mnasemaje?

Bibi wa Ujiji (mleta mada)

Ndugu zangu, naleta hoja na nataka nipingwe kwa hoja. Soya, karanga, mchele au lozi zikisagwa na kuchujwa, kinachopatikana kisiuzwe kwa jina la maziwa. Kinyweni, kiuzeni, lakini kitafutiwe jina lake.

Mjukuu wangu alikuwa na miezi tisa mama yake aliporudi kwenye kazi ya kuanika dagaa Kibirizi. Anaondoka alfajiri, jioni anarudi matiti yamejaa, mtoto kashinda bila kunyonya. Ilikuwa kiangazi, maziwa ya ng'ombe ya kugombania. Akampata mtu mwenye chupa zilizoandikwa kwa kalamu "maziwa ya mchele na karanga". Akaliamini neno. Mtoto akanywa miezi miwili, tumbo limejaa, halii usiku, sisi tunashukuru. Kliniki ndiko tulikoshtuka. Ule mstari wa uzito kwenye kadi uliokuwa ukipanda ulikuwa umelala, kisha umeanza kushuka. Nesi akauliza, "Maziwa anakunywa?" Binti yangu akajibu kwa moyo mweupe, "Ndiyo, kila siku." Hiyo "ndiyo" inaniuma mpaka leo, maana hakudanganya. Aliandikiwa maziwa, akasema maziwa.

Mililita 100 za maziwa ya ng'ombe zina protini gramu 3 na kidogo, na kalsiamu kama miligramu 120. Soya ikitengenezwa vizuri inayakaribia kwa protini, lakini kalsiamu yake ni ndogo mpaka iongezwe kiwandani, na vitamini B12 haimo. Mchele ndio usiseme: protini haifiki hata gramu 1. Uingereza wanashauri mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe kinywaji cha mchele badala ya maziwa, kwa ajili ya aseniki, sumu iliyomo kwenye mchele. Na karanga zilizopigwa na unyevu stoo, sumukuvu, ile sumu ya ukungu, mnaijua.

Jina nalo tunalo tayari. Watu wa Pwani wamekuna nazi tangu enzi za mababu, wakapata kitu cheupe chenye mafuta, na hawakukiita maziwa. Wakakiita tui, na makapi wakayaita machicha. Basi iwe tui la soya, tui la karanga. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2017 kwamba kinywaji cha soya kisiuzwe kwa jina la maziwa, na viwango vya kimataifa vya Codex tangu 1999 vinasema maziwa ni ya mnyama anayekamuliwa. Nipingeni.

Muuza soya, Mwanga

Shikamoo mama. Pole sana kwa mjukuu. Mimi naishi kwa soya na limenigusa, kwa hiyo nitajibu kwa urefu.

Naloweka kilo mbili usiku. Asubuhi nazifikicha maganda yatoke, nasaga kwenye blenda, nachuja kwa kipande cha kanga kuukuu, halafu jikoni. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Povu linapanda haraka, mtu anadhani imechemka, anaepua. Bado ni mbichi hiyo, ina harufu ya maharage mabichi na inasumbua tumbo. Mimi napunguza moto, nakoroga, naacha ichemke robo saa nzima ndipo naonja. Yule aliyewauzia ninyi maji ya mchele simtetei hata kidogo.

Ila tui, mama, hapa halitauzika. Hapa sisi ni watu wa mawese. Mtu akisikia tui anawaza nazi, anawaza wali wa sikukuu, hawazi kikombe cha asubuhi. Wateja wangu ni watu wazima ambao maziwa ya ng'ombe yanawafunga au yanawaendesha. Wananiuliza, "Dada, maziwa ya soya yapo?" Neno hilo wamelileta wao. Nikiwajibu lipo tui, wataniona nimechanganyikiwa.

Mwalimu wa baiolojia, Kasulu

Nyongeza kwa dada wa Mwanga. Hao wateja si wagonjwa. Takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani, uwezo wao wa kumeng'enya sukari ya maziwa, laktosi, umepungua tangu walipoacha kunyonya. Baadhi ya jamii za wafugaji wa Tanzania na Kenya wanabaki nao ukubwani. Utafiti wa Sarah Tishkoff na wenzake, 2007, ulionyesha kwamba mabadiliko ya jeni yanayowawezesha yalizuka huku kwetu, tofauti na yale ya Wazungu. Ndiyo maana nyumba moja kaka anamaliza nusu lita na shemeji yake kikombe kimoja kinamlaza. Kabla ya kukimbilia soya, ajaribu mtindi, maana bakteria wameshaila sehemu ya laktosi.

Mimi ni Msabato, soya nimekua nayo. Daktari mmisionari wa kanisa letu, Harry Miller, alifungua kiwanda cha soya Shanghai 1936, na vita vikakiharibu 1937. Watoto wachanga aliwalisha soya, ila iliyoongezwa virutubisho kwa kipimo. Kwa hiyo bibi, kosa la chupa ile lilikuwa kilichomo. Ingeandikwa tui, binti angeinunua vilevile, kwa sababu mtoto alikuwa na njaa na yeye alikuwa kazini.

Mfugaji wa zizini, Katubuka

Nina ng'ombe wawili. Nakubaliana na bibi kuhusu jina, lakini tusijisafishe sisi wa ng'ombe. Kiangazi wapo wanaotia maji kwenye galoni, na hilo nalo linaitwa maziwa. Wapo wanaouza mabichi na mteja anakunywa bila kuchemsha, anapata brusela, ugonjwa wa homa utokao kwa mifugo, na miezi anatibiwa malaria kimakosa. Kama ni kubana, tubanwe wote.

Na mnasahau dagaa. Kwa mtu mzima asiyeweza maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana kalsiamu kuliko hivyo vikombe vyote mnavyobishania, na B12 wanayo.

Bibi wa Ujiji

Marahaba mwanangu wa Mwanga. Mwalimu umenichoma, lakini sikubali yote. Kweli binti yangu alikuwa na shida ya muda. Angeambiwa ni uji mwepesi wa mchele, angempa kama uji na angetafuta kingine juu yake: mtindi kwa jirani, dagaa wa kusaga. Hata kukamua ziwa lake alfajiri na kuniachia kwenye kikombe kisafi angeweza, sikuwa nalijua hilo, nesi ndiye aliyenifundisha. Neno "maziwa" lilimwambia amemaliza kazi. Sasa hivi mtoto anatembea, mstari umerudi kupanda, namshukuru Mungu.

La tui nimekuachia, dada. Andika "kinywaji cha soya". Chini yake, kwa herufi kubwa, andika "si badala ya maziwa kwa mtoto mdogo". Hilo siliachii.

Muuza soya, Mwanga

Hilo la chini naliandika kuanzia kesho, na nitalisema kwa mdomo pia kwa kila anayekuja na mtoto mgongoni, maana si wote wanasoma chupa. La juu nipe muda nizungumze na wateja.

Kaka wa Katubuka, machicha yangu ya soya kila asubuhi ni ndoo nzima, naimwaga. Ng'ombe wako wanakula?

Mfugaji wa zizini, Katubuka

Wanakula sana. Nitaanza kuwapa kidogo kidogo. Usimwage, nakuja saa moja na ndoo yangu.