Haibridi inachemsha leo, kesho imetulia: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za majukumu. Wenye Toyota Prius, Aqua na haibridi nyingine (gari zinazotumia injini ya mafuta na mota ya umeme) hapa Dodoma na mikoa ya jirani, naomba tupeane uzoefu kuhusu gari inayochemsha kwa vipindi. Taa nyekundu ya joto inawaka, ukipaki kidogo inazima, ukifika gereji mashine ya kupimia hitilafu haioni kitu. Aqua yangu haina geji ya joto, ni taa tu. Tambarare ya Bahi inapita vizuri, ila nikianza kupanda kuelekea Manyoni na AC imewashwa, taa hiyo hapo. Gereji moja wamenishauri nifunge rejeta mpya (ile inayopooza maji ya injini). Nataka kwanza nijue tatizo ni nini, pesa ya kubahatisha sina.

Mdau, Chamwino:
Pole sana mkuu. Yangu ni Aqua pia. Tafuta kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kusomeka kwenye simu, uone nyuzi joto zenyewe badala ya kusubiri taa. Yangu ilikuwa inacheza kati ya 88 na 95, halafu ghafla inaruka kupita 105. Kilichonifumbua macho ni hita: kila joto linaporuka, hita inatoa upepo wa baridi. Hita inapata joto lake kwenye maji ya injini, kwa hiyo injini inaungua, hita ya baridi, basi maji hayazunguki. Wota pampu (inayozungusha maji hayo) ya Aqua haina mkanda, ni ya umeme, kwa hiyo inaweza kugoma na kurudi kazini yenyewe. Tulipochomoa soketi yake tukakuta pini zimeota kutu ya kijani. Kusafisha kulisaidia kwa muda tu, ikabidi pampu ibadilishwe. Hakikisha wanatoa hewa yote kwenye mfumo, maana ikibaki utaona dalili zilezile ukadhani pampu mpya ni mbovu.

Mdau, Kondoa:
Kwangu injini haikuwa na shida kabisa. Prius ya 2007, jua la mchana likikolea inaishiwa nguvu na pembetatu nyekundu inawaka. Mashine ikatoa namba ya hitilafu P0A93, yaani upoozaji wa inveta (kifaa kinachobadili umeme wa betri uendeshe mota). Inveta ina maji yake na pampu yake, mbali na ya injini. Gari ikiwa ya baridi, iwashe mpaka dashibodi iandike READY (iko tayari kutembea), kisha chungulia kwenye chupa ya maji ya inveta: yanatakiwa yawe yanachezacheza. Yangu yalikuwa yametulia tuli, fundi akiigonga pampu kidogo yanaanza kutembea. Baadhi ya Prius za 2004 hadi 2009 ziliitwa na kiwanda zirudishwe kurekebishwa mwaka 2012 kwa ajili ya pampu hiyohiyo. Na msikubali mtu afute namba ya hitilafu kabla hamjaiandika.

Mdau, Kibaigwa:
Mimi ilikuwa feni inayopooza betri kubwa ya haibridi, pale pembeni ya siti ya nyuma. Imejaa vumbi. Ikasafishwa, ikaisha.

Fundi, Majengo:
Mwenye mada, gari ikichemsha kwenye foleni naanza na feni ya rejeta. Ikichemsha mlimani naanza na mzunguko: kiwango cha maji, pampu, termostati (vali inayofungulia maji yakipata moto), rejeta. Ila mfuniko wa rejeta utangulie. Huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko ndio unaoshikilia presha yasichemke mapema, na springi yake ikilegea utaliona tatizo mlimani tu. Jamani, tuache kujazia maji ya bomba. Maji yetu yana chumvi, nafungua rejeta nakuta ukoko mweupe umeziba vijia. Wekeni kulanti, yaani maji maalumu ya kupooza injini.

Kama maji yanapungua bila kuvuja popote, na asubuhi injini ikiwaka inatetemeka kama imekosa plagi moja, shuku gasketi ya silinda hedi (inayozuia maji yasiingie kwenye silinda), hasa Prius za 2010 hadi 2015. Tunaupa mfumo presha jioni, unalala nayo, asubuhi tunatoa plagi na kuchungulia kwa kamera ndogo kama kuna silinda yenye maji. Na kabla hujaingiza mkono kwenye boneti, zima gari kabisa na uweke ufunguo mbali: ikiwa READY, injini inajiwasha yenyewe.