Mrejesho: mwanangu na ndoo ya maji, Bagamoyo

Assalamu alaykum ndugu zangu. Niliwauliza kama ni bahati au kudra ya Mungu: mwanangu wa miaka 2 alitumbukia kichwa chini kwenye ndoo uani. Jirani, aliyekwisha kwenda sokoni, akarudi kufuata kikapu alichosahau, akamchomoa.

Nimekwenda Kaole kwa bibi. Alimpapasa mtoto utosini, akasema, "Mjukuu wangu, aliyemsahaulisha kikapu ndiye aliyemrudisha. Na wewe kakupa mikono ya kumwaga maji." Namwamini kabisa. Mtoto mdogo huzama hata kwenye maji ya sentimita 5 tu. Ndoo zetu sasa zinalala kifudifudi.

Dada aliyeuliza kuhusu mtoto wake, ambaye hakuna aliyerudi kumchomoa: nimelia nawe. Kila swala namtaja.