Nyaraka zimo kwenye hifadhi ya mtandaoni, nikizitafuta hazionekani. Naomba ushauri

KaraniWaMjini

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote.

Nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya uwakala wa forodha, karibu na Moi Avenue hapa Mombasa. Faili zetu za zamani ziliskaniwa zote zikapandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, na makaratasi yenyewe yakapelekwa godauni Changamwe. Tukaambiwa kuanzia leo ni kuandika namba tu, faili itakuja yenyewe.

Sasa mteja wetu mmoja ametakiwa na forodha alete nyaraka za mzigo wa 2021. Hilo ni haki yao, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki yawaruhusu kuzidai ndani ya miaka 5 tangu mzigo uingie. Nikaandika namba ya kontena, hakuna kitu. Nikaandika jina la mteja, yakaja mambo chungu nzima na yake hayamo. Ikabidi niingie folda ya mwaka ule nianze kufungua moja moja. Wallahi, kwenye PDF moja nikaikuta namba ile ile niliyoitafuta: herufi nne, nafasi, tarakimu sita, nafasi, tarakimu moja ya mwisho imefungiwa kiboksi. Iko pale, yasomeka vizuri. Nikarudi kwenye kisanduku cha kutafutia, nikaiandika tena. Hakuna.

Majina ya faili hayasaidii. Nyingine ni SCAN0043, nyingine zilikuja kwa WhatsApp zikabaki DOC-20210614-WA0012. Bosi ataka tuajiri vijana wazifungue zote. Kabla hatujafika huko nataka kujua: kule kutafuta kwaona nini na hakuoni nini? Na je, kuna zilizopotea kabisa?

BintiTudor

Kaka, kabla ya yote fungua pipa la takataka la hiyo hifadhi, leo hii. Google Drive hufuta vilivyomo baada ya siku 30, na OneDrive ya mtu binafsi ni siku 30 vile vile. Ile ya kazini ni siku 93. Aliyekuwa akipanga folda huenda alifuta rundo akidhani ni nakala mbili mbili. Mengine yote yaweza kungoja, hilo haliwezi.

MtunzaNyaraka

Pole na kazi ndugu Karani. BintiTudor amesema kweli, anza hapo.

Hukutaja mwatumia hifadhi ipi, nami sikuulizi, kwa sababu tatizo hili liko karibu kila mahali. Nimekaa na nyaraka za ofisi muda mrefu, na jambo ambalo watu hawaelezwi wakiuziwa huduma hizi ni kwamba ukiandika neno pale juu, mashine haiendi kufungua faili zako izisome. Inaangalia faharasa, yaani orodha ya maneno iliyoyaokota baada ya faili kupandishwa. Neno ambalo halikuokotwa, kwake halipo. Ndiyo maana wewe waiona namba kwa macho na yeye akwambia hakuna.

Chukua namba ya kontena. Ni herufi 4 na tarakimu 7, na ile tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki, ndiyo sababu mara nyingi hutengwa na wenzake. Tuseme wewe umeandika ABCU1234567 kwa mfululizo. Hati imeandika ABCU, halafu 123456, halafu 7. Kwenye faharasa hayo ni maneno matatu, na neno lako refu halilingani na hata moja. Tafuta zile sita za katikati peke yake. Lakini usiishie hapo, kwa kuwa hati iliyoziandika zote pamoja haitakuja kwa 123456. Mwongozo wa Google kwa watengenezaji wa programu wasema wazi kwamba jina la faili hulinganishwa kuanzia mwanzo wa neno: faili iitwayo HelloWorld utaipata kwa Hello, kwa World hutaipata. Kwa maandishi ya ndani ya faili ni kugumu zaidi, neno lazima litimie lote. Kwa hiyo kila namba itafute kwa namna zote mbili.

Na hapa ndipo sisi tunaoandika kwa Kiswahili tunapoumia kuliko wengine, na hili laniuma kweli. Kiswahili hubadilisha neno kwa mbele: mkataba, mikataba, kulipa, tumelipa, malipo. Mashine hizi zilizoea lugha zinazobadilisha neno kwa nyuma, ambako mwanzo wa neno haubadiliki. Ukiandika mkataba, barua iliyotaja mikataba yabaki ilipo. Kwenye Google Drive andika mkataba OR mikataba, hiyo OR kwa herufi kubwa, italeta zote mbili.

Sasa niulize: mliskani kila mzigo kama PDF moja?

KaraniWaMjini

Ndiyo. Kila mzigo PDF moja. Ankara, orodha ya vifurushi, hati ya shehena, entri (yaani tamko la forodha), risiti za bandari, barua za mteja, zote zimefuatana. Nyingine zapita kurasa 40. Pipa la takataka nimeangalia, lina picha chache tu za simu. Alhamdulillahi.

MtunzaNyaraka

Basi hapo ndipo penye kazi. Kilichoskaniwa ni picha ya karatasi, hakina maandishi mpaka mashine iitazame picha na kubahatisha herufi. Kazi hiyo ni nzito, kwa hiyo hifadhi nyingi huiwekea mpaka. Kwenye maelezo ya Google Drive viwango vilivyowahi kutajwa ni kurasa 100 za mwanzo kwa PDF yenye maandishi, na kurasa 10 za mwanzo kwa PDF ya picha. Hesabu mwenyewe hati ya shehena ya mteja wako iko ukurasa wa ngapi. Ikiwa iko wa kumi na nne, haijawahi kusomwa na yeyote ila aliyeiweka kwenye skana.

Na hata zile zilizosomwa hazikusomwa sawa. Sifuri huwa O, nane huwa B, tano huwa S. Muhuri wa buluu ukigongwa juu ya namba, namba imekwenda. Maandishi ya mkono pembezoni usiyategemee kabisa.

MamaKongowea

Mie si wa kompyuta sana lakini nina duka la vitambaa na risiti zangu zote ziko kwenye simu. Kuna jambo la majina hamjalitaja. Hapa petu mtu mmoja ni Mohamed kwenye kitambulisho, Mohammed kwenye benki, Muhammad kwenye leseni. Saleh na Swaleh. Abdalla na Abdallah. Karani mwanangu, huyo mteja wako jina lake lina namna ngapi? Ziandike zote kwanza kwenye karatasi ndipo utafute.

KaraniWaMjini

Bi Mkubwa, Mungu akuweke. Lina namna tatu nilizokwisha kuziona kwenye ankara zake mwenyewe.

FundiBondeni

Naongeza mawili ambayo nakutana nayo kila wiki kwa wateja.

La kwanza, unatafutia wapi? Wengi wamefunga programu ya hifadhi kwenye laptopu, wanatafuta kupitia folda za Windows. Faili yenye alama ya wingu pembeni haimo kwenye mashine yako, kilichopo ni jina lake tu. Windows haiwezi kutafuta maneno ya ndani ya kitu ambacho haina. OneDrive iko hivyo. Fungua kwenye kivinjari utafutie huko.

La pili ni la mwenye faili. Nani aliskani? Kama karani aliyeondoka alipandisha kwa akaunti yake binafsi kisha akawagawia, wewe waona yale tu aliyokugawia. Aliyoyapa kiungo na hukuwahi kukifungua hayamo kwenye utafutaji wako. Na akaunti yake ikifutwa, na vilivyo vyake vyaenda nayo. Mpigieni simu mapema, kwa heshima, ahamishe umiliki.

Halafu kuna mayatima. Kwenye Google Drive, ukiweka faili yako ndani ya folda ya mtu mwingine, naye akaifuta folda, faili yako haifi, ila yaweza kukosekana kwenye folda uliyoizoea. Ukipitia folda moja moja huenda usiione. Andika is:unorganized owner:me kwenye kisanduku cha kutafutia uone zitakazotoka. Nimeona watu wakikuta vitu walivyovililia.

Hayo majina ya WhatsApp usiyadharau. DOC-20210614 ni tarehe iliyopokelewa, 14 Juni 2021. Ukijua meli ilifunga gati lini, waweza kukisia barua zilikuja wiki gani. Na Google Drive yaelewa after:2021-06-01 before:2021-07-31 pamoja na type:pdf, ila kumbuka hiyo ni tarehe ya faili kwenye mtandao, haihusiani na tarehe ya mzigo. Mlizoskani mwaka juzi zitahesabiwa za mwaka juzi.

Pwani_Salama

Kwa nini msihame tu mwende kwenye hifadhi iliyofungwa kwa ufunguo wenu wenyewe, kama Proton Drive au MEGA? Nyaraka za wateja ni amana.

MtunzaNyaraka

Amana ni kweli, nakubaliana nawe kabisa. Lakini kwa shida hii itakuwa kujiongezea. Hifadhi ambayo kampuni yenyewe haiwezi kuzisoma faili zako, haiwezi pia kukutengenezea faharasa ya yaliyomo kwenye seva yake. Faida ile ile ndiyo hasara. Akihama leo na majina ya SCAN0043, atakuwa ameifungia ndani shida yake.

MzeeWaKabati

Nimestaafu, nilikuwa karani bandarini na baadaye ofisi binafsi. Nimesoma yote haya na nashangaa hakuna aliyeuliza rejista iko wapi.

Zamani kila faili ilipoingia kabatini iliandikwa kwenye kitabu: namba yetu, mteja, meli, kontena, tarehe, rafu. Hatukutafuta kabatini, tulitafuta kitabuni. Mmehamisha kabati, kitabu mkakiacha. Mwanangu, msiajiri vijana wa kufungua faili na kuangalia tu. Waajiri wafungue na kuandika. Faili ikishafunguliwa na mtu mwenye macho, isifungwe kabla mstari wake haujaandikwa, la sivyo mwaka ujao mtazifungua tena.

FundiBondeni

Mzee, hapo umenena. Na kwa leo rejista ile iwe lahajedwali moja, Excel au Google Sheets. Mstari mmoja kwa kila mzigo, na nguzo ya mwisho iwe kiungo cha faili yenyewe. Namba ya kontena iandikeni nguzo mbili, iliyounganishwa na iliyotenganishwa, ili vyovyote mtu atakavyoandika aipate. Jina la mteja moja sanifu, na nguzo nyingine ya namna zake zote. Hayo ni maandishi halisi yaliyopigwa chapa, hakuna cha kubahatisha herufi.

KaraniWaMjini

Narudi na habari. Nimetafuta tarakimu sita za katikati peke yake: entri imetoka, na ankara moja iliyokuwa folda ya mteja mwingine kabisa. Hati ya shehena haikutoka. Nimefungua PDF ya mzigo huo kwa mkono, iko ukurasa wa 17, na muhuri umelalia nusu ya namba. Nyaraka za mteja zimetimia, kesho nampelekea asubuhi.

Bosi amekubali rejista. Amesema tuanze na 2021 twende mbele, kwa kuwa ndizo bado zaweza kudaiwa. Swali langu la mwisho: hizo PDF ndefu tuzikate vipande, au tuziache na rejista itoshe?

FundiBondeni

Zikateni, lakini nakala. Asili iacheni kama ilivyo kwenye folda yake, msiiguse. Kuna programu ya bure iitwayo OCRmyPDF, inatumia Tesseract kusoma picha na kuweka maandishi ndani ya PDF yenyewe. Hufanya kazi kwenye kompyuta yenu, haina haja ya kupeleka nyaraka za wateja popote, na Tesseract ina Kiswahili pia. Ipitisheni usiku wakati hakuna anayetumia mashine. Baada ya hapo toeni hati ya shehena na entri kutoka kila rundo, mzipe jina linaloanza na mwaka: 2021-06-14, kisha jina la mteja, kisha namba ya kontena, zote zimetenganishwa kwa nafasi. Zikipangwa kwa jina zitajipanga kwa tarehe zenyewe.

Jaribuni na mizigo michache kwanza, kisha umwite mtu ambaye hakushiriki kazi hiyo, mpe namba, mwambie aitafute bila kumsaidia.

BintiTudor

Na pipa la takataka mliangalie tena kila Ijumaa mpaka kazi iishe. Wakati wa kukata na kubadilisha majina ndipo vitu hufutwa.