Kukagua faili za kalenda: kiendelezi, baiti za mwanzo, au kusoma faili nzima?

Kasarani_Mwisho
Wadau, habari za jioni. Wateja wetu hututumia kalenda zao ili tuwapangie nafasi za ukumbi. Ijumaa natakiwa kumweleza mkubwa tutakagua vipi faili hizo kabla mfumo haujazipokea. Nina njia tatu: kutazama kiendelezi tu (herufi za mwisho wa jina la faili, kama .ics), kusoma baiti za mwanzo (alama chache za kwanza ndani ya faili), au kuichambua faili nzima kwa programu. Mngechagua ipi?

FundiWaNgara
Swali lako ni nusu. Faili zinatoka wapi, simu au Outlook? Seva ni Linux au Windows? Mnapokea ngapi kwa siku?

BintiMvita
Kiendelezi tupa. Yeyote anaweza kubadilisha jina la faili, lakini jina halibadilishi kilichomo ndani. Faili ya kalenda, .ics, huanza na BEGIN:VCALENDAR, na kwa heksadesimali (baiti zikiandikwa kwa tarakimu 0-9 na herufi A-F) utaona 42 45 47 49 4E 3A. Ukikuta 50 4B 03 04 hiyo ni zipu. Usiikatae, ifungue, kwa sababu mtu akitoa kalenda zake zote kutoka Google Calendar hupewa zipu yenye .ics ndani. 21 42 44 4E, yaani !BDN, ni .pst, ghala la barua na kalenda za Outlook. D0 CF 11 E0 inaweza kuwa .msg, ujumbe mmoja wa Outlook, ila hata Word na Excel za zamani huanza hivyo hivyo. Mimi nasema baiti za mwanzo, basi.

MzeeWaDagoretti
Binti yangu, hiyo "basi" ndiyo iliyoniumiza. Nilikuwa natunza ratiba ya mitihani ya chuo kimoja hapa mjini. Kila usiku mfumo ulivuta ratiba.ics kutoka kwenye kiungo. Siku moja kiungo kikaisha muda wake, seva ikarudisha ukurasa wa kuingilia badala ya kalenda. Faili ikahifadhiwa kwa jina lile lile, ndani imeandikwa <!DOCTYPE html>. Sisi tulitazama kiendelezi tu. Mfumo ukaona matukio sifuri, ukafuta yote ya zamani. Asubuhi wanafunzi wamejaa mlangoni, hakuna anayejua chumba chake.

Nikaongeza ukaguzi wa baiti za mwanzo, nikalala usingizi. Muhula uliofuata mtandao ukakatika faili ikiwa katikati ya kushuka. Mwanzo BEGIN:VCALENDAR safi kabisa, mwisho hakuna END:VCALENDAR. Nusu ya mitihani ikapotea, na hii ni mbaya kuliko ile ya kwanza, maana ratiba ilionekana nzima. Tuligundua siku ya tatu. Baiti za mwanzo hukwambia faili ni ya aina gani. Kama ni nzima, hazikwambii.

FundiWaNgara
Pole sana mzee. Kwenye Linux amri iitwayo file, inayotambua aina ya faili kwa kusoma ndani yake, inatosha kwa hatua ya kwanza.

BintiMvita
Haitoshi. Itakujibu ni kalenda, lakini .vcs, aina ya kalenda ya zamani, nayo huanza na BEGIN:VCALENDAR. Kinachozitenganisha ni mstari wa VERSION, yaani toleo. 1.0 ni vCalendar ya mwaka 1996, 2.0 ni iCalendar, ambayo kanuni zake za sasa ni waraka wa RFC 5545 ya mwaka 2009. Na usidhani VERSION iko mstari wa pili. Mara nyingi PRODID, jina la programu iliyoitoa faili, hutangulia.

Pangani_Kaskazini
Kuna wanaohifadhi kwa UTF-8 (namna ya kuhifadhi herufi) yenye baiti EF BB BF mwanzoni. Ukilinganisha baiti kwa upofu, utakataa faili ya mteja asiye na kosa. Ziruke hizo tatu kwanza. Halafu herufi ndogo pia zinaruhusiwa, begin:vcalendar ni halali.

MamaRatiba
Mimi si mtu wa kompyuta, napanga mikutano tu. Shida yangu ni saa. Mtu ananiandikia saa tatu asubuhi, kwenye simu naona saa sita mchana. Ukaguzi huu utanisaidia?

Pangani_Kaskazini
Hapana, mama. Hapo DTSTART, mstari wa saa ya kuanza, imeandikwa 090000Z. Ile Z ni saa za UTC, saa rasmi ya dunia, na Nairobi iko mbele kwa saa tatu. Aliyetuma alipaswa kutaja ukanda wa saa, TZID=Africa/Nairobi, au aandike 060000Z.

FundiWaNgara
Tusitoke nje ya mada.

BintiMvita
Si nje ya mada. Faili yenye saa isiyo sahihi itafaulu ukaguzi wote huu, na mteja atakuta ukumbi una harusi ya watu wengine.

Kasarani_Mwisho
Asanteni. Seva ni Windows, faili kama ishirini kwa siku. Nilisahau kusema wateja wachache hutuma .vcs kutoka simu zao za zamani za Nokia.

FundiWaNgara
Hilo ungelisema mwanzo! Hizo zina maandishi ya quoted-printable (herufi maalumu huandikwa kwa alama ya = na msimbo), na programu nyingi za iCalendar zitakwama hapo.

MzeeWaDagoretti
Faili ishirini ni chache, zichambue zote hadi END:VCALENDAR. Na kila VEVENT, yaani tukio, iwe na UID (utambulisho wake) na DTSTAMP (muda ilipoandikwa).

BintiMvita
Baiti kwanza, mzee. Kwa nini uipe programu ya kuchambua .pst ya gigabaiti mbili?

MzeeWaDagoretti
Baiti kwanza sawa, lakini asiishie hapo.

Kasarani_Mwisho
Na hizo .vcs nizikatae au nizigeuze? Kesho nitaweka hapa mfano mmoja, nikishaondoa majina ya watu.