Fildi ya ustawi wa jamii kwa Waadivasi India, siku saba utajifunza nini?

mgeni_wa_fildi:
Wakuu habari zenu. Niko India nasoma masta ya ustawi wa jamii, mwezi ujao darasa letu linaenda kambi ya siku saba kwenye vijiji vya Wagondi, moja ya makabila ya Waadivasi (wenyeji wa asili wa India), wilaya ya Gadchiroli, jimbo la Maharashtra. Lekchara katupa dodoso la kurasa sita, kipato cha mwezi, idadi ya vyumba, choo kipo au hakipo, kila mtu ajaze kaya kumi na tano. Sasa najiuliza hivi huku si kwenda kushangaa watu tu kwa jina la masomo? Na Kihindi changu ni cha kununulia nyanya, Kigondi sijui hata salamu. Waliowahi kwenda nisaidieni nisirudi na picha tu.

dada_kambi:
Mdogo wangu hilo dodoso litakutesa. Sisi tulikuwa na la hivyohivyo, kufika swali la kipato cha mwezi mama mmoja akacheka kabisa, maana kwao hela haiji kwa mwezi inakuja kwa msimu, Machi na Aprili wanaokota maua ya mti wa mahua, kuelekea Mei ni majani ya mti wa tendu yale ya kuviringia bidi, sigara za kienyeji, mvua zikianza kila mtu yuko kwenye mpunga. Tukagawanya kwa kumi na mbili tukaonekana tumefanya kazi, kumbe tumejaza uongo. Siku ya tatu supervaiza akasema wekeni makaratasi pembeni, tukachora kalenda ya msimu chini kwa kokoto na mbegu, weee, hapo ndo watu wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, mwezi gani wa njaa, mwezi gani wa kukopa, nani anaenda vibarua mjini.
Lugha sasa. Mzee anaongea dakika tano, mkalimani anakwambia "anasema maji ni shida". Usikubali, muulize taratibu kasema nini kingine. Na kwa akina mama tafuta msichana wa palepale akutafsirie, mbele ya kijana wa kiume wengine hawafunguki.

mzee_wa_ripoti:
Dada kaongea vizuri ila tatizo si dodoso peke yake, ni kwenda ukidhani unaenda kufundisha. Hukohuko Gadchiroli kuna kijiji cha Mendha Lekha, mambo yao wanaamua kwa kukubaliana wote, na 2009 kikawa kati ya vijiji vya kwanza India kupewa haki ya msitu wa jamii, baadaye wakawa wanauza mianzi yao wenyewe. Nani amfundishe nani hapo? Kabla hujaenda soma Sheria ya Haki za Misitu ya 2006, mtu wa kabila lililoorodheshwa, yaani lililo kwenye orodha rasmi ya serikali, anaweza kudai shamba alilokuwa analima kabla ya tarehe 13 Desemba 2005, mwisho hekta 4, na maelezo ya wazee yanakubalika kama ushahidi. Ukikuta mtu ana barua ya kukataliwa dai umsomee kwa lugha anayoelewa, hiyo ni msaada kuliko dodoso lako. Ila USIAHIDI kitu. Kila mwaka wanakuja wanafunzi wanaandika wanaondoka.

pili_pili:
Naongezea dogo tu. Wenzako wakipangiwa Wapardhi, kabila jingine la huko, wasishangae watu wakinyamaza wakiona kalamu. Waingereza kwa sheria ya 1871 waliandikisha makabila mazima kuwa ni wahalifu, Wapardhi wakiwemo, hiyo kitu imekuja kufutwa 1952, kuandikwa jina kwa babu zao ilikuwa balaa. Na picha omba kwanza, sio unapiga halafu unatabasamu.

mgeni_wa_fildi:
Asanteni sana aisee. Nimemwendea lekchara, kaya kumi na tano zimebaki palepale ila kakubali kalenda ya msimu iingie kwenye ripoti. Dada kambi, salamu basi?

dada_kambi:
Sema "Johar". Halafu kaa chini kwanza, dodoso liache kwenye begi.