BMW R 80 RT ya mwaka 1986 iliyolala miaka saba: nianzie wapi kabla ya kuipeleka Iringa?

Mwenye R80, Kisasa

Habari zenu. Wakubwa, shikamooni.

Familia imenikabidhi pikipiki ya marehemu baba yangu mdogo, BMW R 80 RT ya mwaka 1986, ile yenye silinda mbili zilizochomoza kushoto na kulia na shafti badala ya cheni. Aliiendesha Iringa na Kondoa hadi alipougua, na tangu hapo imelala miaka saba katika stoo ya mabati nyuma ya nyumba, petroli ikiwa ndani ya tanki. Nilikua nikimshikia spana, kwa hiyo ninataka kuifufua kwa mikono yangu hapa nyumbani Dodoma, na safari yake ya kwanza iwe Iringa kupitia Mtera, barabara aliyoipenda kuliko zote.

Nimemwaga petroli ya zamani, ambayo ilikuwa imegeuka rangi na kunuka kama vanishi, nimesafisha tanki, nimefunga betri mpya na plagi mpya. Imewaka. Silinda ya kulia inafanya kazi vizuri, lakini ya kushoto inamisi kwenye sailensa (injini ikinguruma bila kuongezwa moto) na kurudi ninapoongeza moto, na kabureta ya upande huo inatiririsha petroli kila ninapofungua koki. Taa nyekundu ya chaji haiwaki kabisa, hata ninapowasha swichi kabla ya kupiga stata, jambo ambalo mwanzoni nilidhani ni habari njema. Breki ya mbele inabonyea kama sifongo.

Nilimwita fundi wa gereji moja ya mjini aje kuitazama. Alishauri tufungue injini yote na kuweka ringi mpya za pistoni, kisha tuondoe kabureta zote mbili na kufunga za bodaboda, kwa kuwa za asili vipuri vyake ni vya kuagiza. Aliongeza kwamba Dodoma iko juu, hivyo jeti, yaani vitundu vya kupimia petroli ndani ya kabureta, ni lazima zibadilishwe hata nikibaki na hizi za zamani. Sijamkubalia wala sijamkatalia. Ninaomba ushauri wa watu walioishi na pikipiki za namna hii, kwa sababu fedha niliyonayo hainiruhusu kukosea mara mbili.

Fundi Mstaafu, Kikuyu

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na baba yako mdogo.

Usifungue injini. Pikipiki iliyoegeshwa ikiwa nzima haimalizi ringi kwa kulala. Kinachoharibika kwa kulala ni mpira, ni petroli inayokauka na kuganda ndani ya matundu madogo, na ni mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu hata katika mji mkavu kama wetu. Ukiacha hiyo taa ya chaji, ambayo nitawaachia wanaoujua umeme kuliko mimi, dalili zako zote zinaingia humo. Ukitaka kuwa na hakika, pima kompresheni (presha inayobanwa ndani ya silinda) ya silinda zote mbili injini ikiwa imepata joto na eksileta imefunguliwa yote. Namba mbili zikikaribiana, habari ya ringi imekwisha.

Kuhusu kabureta za bodaboda, ninakusihi ukatae. Injini yako ina sentimita za ujazo 797, maana yake kila silinda peke yake ni karibu 400, wakati kabureta za bodaboda zimepimiwa injini nzima ya 100 hadi 150. Tena kabureta zako za Bing zinafanya kazi kwa namna nyingine: waya wa eksileta unafungua kipepeo tu, na pistoni ya ndani inapandishwa na mvuto wa hewa ya injini kupitia kiwambo cha mpira kilicho chini ya kifuniko cha juu. Kwa sababu hiyohiyo, kimo cha Dodoma, ambacho ni kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hakikulazimishi kubadilisha jeti, kwani hewa inapopungua pistoni nayo hupanda kidogo zaidi au kidogo pungufu kulingana na kile injini inachokivuta. Pikipiki hii ilikwenda Iringa na kurudi kwa jeti ilizozaliwa nazo.

Sasa kazi yenyewe. Ifanye asubuhi na mapema, kabla upepo haujaanza kuinua vumbi, na uwe na kitambaa safi kisichotoa nyuzi cha kuziba kila tundu unalolifungua. Hakikisha hakuna jiko la mkaa linalowaka karibu, na petroli utakayoikinga usiiweke katika chupa ya soda ambayo mtoto anaweza kuifikia. Funga koki zote mbili, ya kushoto na ya kulia, kisha uachie kwa kidole ule waya unaoshika bakuli la kabureta, nalo litatoka bila spana. Ndani utakuta maboya. Maboya ya Bing yakizeeka hunywa petroli, yakawa mazito, yakachelewa kuisukuma sindano ifunge, na hapo ndipo bakuli linapofurika. Tazama pia ncha ya mpira ya sindano: ikiwa na alama ya mviringo iliyochimbika, ibadilishe pamoja na maboya. Hadi hapo utakapoitengeneza, usiiache imeegemea stendi ya pembeni na koki ikiwa wazi, kwa sababu silinda ya upande unaovuja ndiyo inayolala chini na petroli inaweza kuingia ndani yake.

Silinda inayomisi kwenye sailensa na kurudi unapoongeza moto inakuambia kwamba jeti ndogo ya sailensa imeziba. Ifungue, iloweke katika dawa ya kusafishia kabureta, ipulize kwa hewa, na kama bado imeziba tumia unyoya mmoja wa mswaki. Usichokonoe kwa waya wa chuma, kwa kuwa tundu likipanuka hata kwa unywele hutaipata tena sailensa nzuri. Halafu fungua kifuniko cha juu na ukinyooshe kiwambo mbele ya mwanga. Ukiona tundu au mpasuko, kinunuliwe kipya, tena vinunuliwe viwili.

Kabureta zikiwa safi, seti tapeti, yaani nafasi ndogo za valvu, kabla ya kugusa skrubu yoyote ya marekebisho, maana watu wengi huhangaika na kabureta kumbe kosa lipo kwenye valvu. Injini iwe imepoa kabisa. Toa plagi, zungusha injini hadi alama ya OT (pistoni ikiwa imefika mwisho wa mwendo wake) itokee katika tundu dogo la upande wa kushoto, na silinda ambayo valvu zake zote mbili zimelegea ndiyo unayoipima. Valvu ya kuingiza, iliyo upande wa kabureta, iwe milimita 0.10, na ya kutolea moshi iwe 0.20. Zungusha tena mzunguko mmoja kamili, ufanye silinda ya pili.

Mwisho ni kuzilinganisha kabureta. Geji za dukani ni ghali, lakini mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wa mita nne hivi, uliopigiliwa kwenye ubao kwa umbo la U na kutiwa oili ya 2T chini yake, unatosha kabisa. Unganisha kila ncha na kabureta moja. Silinda yenye mvuto mkubwa itaivuta oili upande wake, nawe urekebishe hadi zilingane. Weka feni mbele ya injini, kwa kuwa hupozwa na upepo wa mwendo, na kwa joto letu la Oktoba usiiache ikinguruma imesimama zaidi ya dakika chache.

Dada wa Umeme, Ipagala

Kaka, namshukuru Mzee kwa kuniachia hiyo taa. Taa ya chaji isiyowaka unapofungua swichi ni dalili mbaya. Katika pikipiki hizi umeme wa kuiamsha altaneta hupita ndani ya balbu hiyohiyo, ukaenda kwenye regyuleta, ukaingia kwenye rota (sehemu ya altaneta inayozunguka) kupitia kaboni moja na kutoka kwa kaboni ya pili kwenda ethi. Balbu isipowaka maana yake njia hiyo imekatika mahali fulani, na altaneta haitachaji. Betri yako mpya itakufikisha labda Mtera.

Anza na balbu, kwa sababu ndiyo nafuu kuliko vyote. Ikiwa nzima, ondoa kifuniko cha mbele cha injini, lakini kabla hujagusa hata skrubu moja ya kifuniko hicho chomoa waya hasi wa betri. Ninalisisitiza hili kwa sababu nyuma yake ipo bodi ya dayodi yenye nyaya zilizounganishwa na betri moja kwa moja, na kifuniko kikizigusa zitapiga shoti na kuichoma bodi hiyo. Mteja wangu mmoja alijifunza hivyo, na bodi yake iliagizwa kwa miezi miwili.

Ndani utaona pete mbili za shaba na kaboni mbili zinazozigusa. Weka mita kwenye ohm, pima pete kwa pete: unatafuta namba iliyo karibu na 3. Mita ikionyesha kwamba hakuna njia kabisa, waya wa rota umekatika. Pima pia pete kwa chuma cha injini, baada ya kuinua kaboni zote mbili, na hapo pasiwe na njia hata kidogo. Rota ikiwa imekufa, usiigonge kwa nyundo ili itoke. Inatolewa kwa bolti maalumu ya chuma kigumu, na mafundi wazuri wa kusuka mota wanaweza kuisuka upya.

Ikianza kuchaji, pima betri injini ikizunguka mara 3,000 hadi 4,000 kwa dakika. Unatakiwa kupata volti 13.8 hadi 14.2. Kwenye sailensa itachaji kidogo sana, hivyo usishangae ukizunguka mjini taa zikiwa zimewaka na kukuta betri imeshuka.

Msafiri wa Mtera

Nitaongeza jambo moja tu, matairi. Usitazame kashata (meno ya tairi), tazama namba nne zilizo ubavuni zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2314, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi lililolala miaka saba kwenye stoo ya mabati ya Dodoma limeiva kwa joto hata kama halijatembea. Rimu zako ni za inchi 18, na duka lolote la bodaboda litakuambia kwamba lina tairi la 18. Ni kweli litaingia, lakini halikutengenezwa kwa uzito na mwendo wa pikipiki hii. Tafuta 90/90-18 ya mbele na 120/90-18 ya nyuma, hata kama itakubidi usubiri mzigo kutoka Dar es Salaam. Kutoka Dodoma hadi Iringa ni kama kilomita 260, na ukishavuka bwawa la Mtera na kupita Migoli unaanza kupanda Nyang'oro kwa kona, ambako tairi gumu halishiki.

Hiyo breki nayo usiiweke mafuta mapya ukaridhika. Kama mipira ya breki (ile mirija inayopitisha mafuta) ni ya mwaka 1986, badilisha mipira. Ndani yake huvimba, ukashika breki ikakubali, ukaachia ikabaki imeshika.

Mwenye R80, Kisasa

Shikamoo tena Mzee, na ahsanteni nyote. Nimechukua wiki tatu kujibu kwa sababu nilitaka nirudi na matokeo.

Kompresheni za silinda zote mbili zimekaribiana sana, kwa hiyo injini haikufunguliwa. Boya la kushoto lilikuwa zito kuliko la kulia, hata mkononi nilihisi tofauti, na jeti ya sailensa ilikuwa imezibwa na kitu cha kijani kama utomvu. Vifaa vimekuja na mvujo umekwisha. Tapeti za kutolea moshi zilikuwa zimebana, moja ikiwa 0.10, na baada ya kuziseti na kulinganisha kabureta kwa ubao wa Mzee, sailensa imetulia kiasi kwamba mama alitoka ndani kuja kusikiliza, akasema ndiyo sauti aliyoizoea.

Dada, balbu ilikuwa nzima na rota ilipima ohm 3. Kaboni moja ilikuwa imeganda katika nyumba yake kwa vumbi, haiigusi pete kabisa. Nilizibadilisha zote mbili. Taa sasa inawaka na kuzimika inavyotakiwa, na mita imesoma 13.9. Mipira ya breki na mafuta ya DOT 4 vimebadilishwa, upepo uliokuwa ndani ya breki umetolewa, na matairi ninayasubiri.

Nimebakiza oili. Nimenunua 20W-50 na chujio, lakini nilipofungua kifuniko cha chujio nimekuta ringi nyeupe ya mpira na pete nyembamba ya bati, ambavyo katika pakiti niliyouziwa havimo. Je, nirudishie ile ringi ya zamani, kwa kuwa haijakatika?

Fundi Mstaafu, Kikuyu

Usiirudishie, na usiiwashe pikipiki hiyo mpaka uipate mpya. Nimefurahi sana kwamba umeuliza, kwa sababu ringi hiyo ndogo imeua injini nyingi za aina hii duniani kuliko kilomita.

Kazi yake ni kuziba kati ya kikombe cha chujio na kifuniko. Ikishabanwa miaka mingi inakuwa bapa na haisukumi tena, na hapo oili yenye presha inapata njia ya kurudi kwenye sampu kabla ya kuzifikia beringi za krenki. Hutaona tone hata moja likivuja nje, na taa ya oili inaweza kuchelewa kukuonya. Agiza pakiti kamili ya chujio kwa namba ya modeli yako, ile yenye ringi nyeupe ndani. Pete ya bati isafishe uirudishe kama ulivyoikuta, ikikaa kati ya ukingo wa kikombe na ringi, wala usiongeze ya pili kwa kukisia. Ukiwa na shaka njoo nayo tupime kina cha kikombe kwa kaliperi yangu. Ukimaliza tia lita 2.5, iache ingurume dakika moja, izime, kisha uangalie kijiti cha oili ikiwa kwenye stendi ya kati.