Programu ya duka la dawa inaganda, na mauzo yanajirudia: nianzie wapi kuichunguza?

Tumaini_Mby

Wakuu, habari za jioni, na shikamooni mlio wakubwa. Nimeandika programu ya mauzo kwa ajili ya duka la dawa la shangazi yangu hapa Mbeya. Ni lugha ya Python, PyQt5 ya kutengeneza madirisha na SQLite ya kuhifadhi data, kompyuta ina Windows 10 na RAM ya GB 4. Kwenye laptop yangu niliijaribu na dawa 60, ikaenda vizuri kabisa. Dukani kuna dawa 1,240. Shangazi akifungua orodha, dirisha linakuwa jeupe, Windows inasema programu haijibu, na yeye anabaki anatazamana na mteja. Nilishika saa: sekunde 11. Juzi mama mmoja aliyembeba mtoto mwenye homa alichoka kusubiri akaenda duka la pili. Iliniuma sana.

Nadhani tatizo ni hifadhidata. Nimeweka indeksi (faharasa ya kuharakisha utafutaji) kwenye jina la dawa, hakuna kilichobadilika. Nimejaza print (amri ya kuandika ujumbe kwenye skrini) kila kona mpaka sielewi ipi inasema nini.

La pili: jioni tukifunga hesabu, mauzo mengine yameandikwa mara mbili au tatu, na shangazi anaapa alibonyeza Hifadhi mara moja. Dibaga (ya kuisimamisha programu na kuichungulia ndani) na profaila (ya kupima muda wa kila kipande) sijawahi kuzigusa. Nisaidieni.

Baharia_Kodi

Hamishia kazi ya kujaza orodha kwenye QThread, yaani thredi ya pembeni inayofanya kazi sambamba na dirisha. Dirisha halitaganda tena.

FundiSaa

Dada Tumaini, thredi ziache kwanza. Hujajua kinachokula muda, kwa hiyo zile sekunde 11 utakuwa umezihamisha chumba tu. Tena kwenye Qt, ambayo ndiyo msingi wa PyQt5, vitu vya dirisha huguswa na thredi kuu peke yake. Ukijaza jedwali kutoka thredi nyingine, programu inaweza kuanguka ghafla bila kukuambia sababu.

Nakili faili la hifadhidata ya dukani, lilete kwenye laptop yako, ili tatizo litokee mbele ya macho yako. Kisha tumia cProfile, profaila inayokuja na Python yenyewe. Usipime programu nzima: utakuta exec_ (ndiyo inayoendesha dirisha) imekaa juu kabisa na dakika zake, kwa sababu muda wote dirisha linapokusubiri ubonyeze kitu unahesabiwa pale. Zingira kipande kimoja tu:

```
p = cProfile.Profile()
p.enable()
self.jaza_orodha()
p.disable()
p.print_stats("cumtime")
```

Kwenye majibu yake, ncalls ni idadi ya mara fankisheni (kipande cha programu chenye jina) ilizoitwa. tottime ni muda wake peke yake, na cumtime ni muda wake pamoja na wa zile ilizoziita. Mimi jicho langu huenda kwenye ncalls kwanza.

Kuhusu mauzo kujirudia: kwenye mstari wa kwanza wa fankisheni ya kuhifadhi ita pyqtRemoveInputHook() ya QtCore, chini yake weka breakpoint(), inayoisimamisha programu hapo na kufungua dibaga. Ukiruka hiyo ya kwanza, terminali (dirisha la amri) itajaa ujumbe uleule na hutaona kitu. Bonyeza Hifadhi mara moja. Programu ikisimama, andika w uone imefikaje hapo, halafu c iendelee. Ikisimama tena na mkono wako haujagusa kipanya, kitufe kimeunganishwa zaidi ya mara moja. Tuletee majibu.

Tumaini_Mby

Nimefanya usiku huuhuu. execute na fetchall, zinazosoma hifadhidata, kwa pamoja: sekunde 0.006. Hifadhidata nimeisingizia bure. Juu yake kuna resizeColumnsToContents, ncalls 1240, cumtime 10.8. Nimerudi kwenye msimbo wa programu yangu nikaikuta imo ndani ya lupu (sehemu inayorudiwa kwa kila dawa), imesogea nafasi nne kulia. Nilitaka ipange upana wa safu mara moja, orodha ikishajaa.

Lakini mbona kwa dawa 60 sikuona chochote?

FundiSaa

Kwa sababu kila dawa inayoingia inalifanya jedwali lipime upya mistari iliyokwisha kuingia. Ya kwanza mstari 1, ya pili 2, ya 60 mistari 60. Jumlisha utapata 1,830, kompyuta inamaliza kabla hujapepesa. Kwa dawa 1,240 jumla inavuka laki saba, na kila mstari una safu zako zote. Dawa zikiongezeka maradufu, kazi inaongezeka zaidi ya maradufu. Toa mstari ule nje ya lupu, kisha pima tena kwa kipande kilekile.

Baharia_Kodi

Nimekubali, QThread nilikimbilia mapema.

Tumaini_Mby

Sekunde 0.07! Nimerudia mara tano kuhakikisha.

Na Hifadhi ilisimama mara tatu kwa kubonyeza mara moja. clicked.connect, amri ya kuunganisha kitufe na fankisheni yake, niliiweka kwenye fankisheni inayofungua dirisha la mauzo, na dirisha lenyewe ni lilelile, halitengenezwi upya. Nililifungua mara tatu, kikaunganishwa mara tatu. Ndiyo maana asubuhi hesabu zilikuwa sawa na jioni zikaharibika. Nimeipeleka kwenye __init__, inayoendeshwa mara moja dirisha linapotengenezwa, sasa inasimama mara moja.

Zile rekodi zilizojirudia nizifute kwa kulinganisha muda wake?

FundiSaa

Usifute kwa muda peke yake. Mteja anaweza kununua panadol, akakumbuka, akarudi kuchukua pakiti nyingine dakika hiyohiyo. Weka nakala ya faili pembeni, toa orodha ya rekodi zinazofanana, kisha linganisha na dawa zilizopo kwenye rafu. Rafu ikikubali ndipo ufute.

Tumaini_Mby

Asante sana, Fundi. Jumapili baada ya ibada duka linafungwa. Shangazi atahesabu makopo na pakiti, mimi nitakaa na orodha nikiweka alama. Nitaleta majibu hapa.